Nitajifunzaje kufumbua maandishi ya siri kabla ya mashindano?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Niko darasa la 10 hapa Columbus, Ohio. Shule yetu inashiriki Science Olympiad, mashindano ya sayansi ya shule, na nimepangwa kwenye timu ya Codebusters, kitengo cha kufumbua maandishi ya siri, pamoja na wenzangu wawili. Nyumbani tunaongea Kiswahili, Kiingereza nilikianza nikiwa mkubwa kidogo, na hesabu si somo langu. Nimekariri jedwali la herufi zinazotokea zaidi katika Kiingereza, lakini nikipewa fumbo la aristokrati, lile ambalo kila herufi imebadilishwa kwa nyingine na nafasi kati ya maneno zimebaki, nakaa nusu saa bila kusogea. Wenzangu wanalimaliza kwa dakika tano. Je, kasoro ni ya akili yangu au ya njia ninayotumia? Nianzie wapi?"

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kasoro ni ya njia, na umeitaja mwenyewe bila kujua. Umekariri jedwali, halafu unakaa unalingoja likupe jibu. Halitakupa.

Jedwali lenyewe nalipa heshima yake. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, mwanachuoni al-Kindi aliandika risala akieleza kwamba ukitaka kufumbua maandishi ya siri, chukua maandishi mengine marefu ya lugha ileile, hesabu kila herufi imetokea mara ngapi, kisha fanya hivyo hivyo kwa fumbo lako na ulinganishe. Hatujui maelezo ya mbinu hiyo yaliyotangulia hayo. Inafanya kazi vizuri sana ukiwa na kurasa kadhaa mkononi. Wewe huna kurasa kadhaa. Una nukuu moja ya mtu maarufu, yenye herufi 80 au 100 hivi. Katika Kiingereza E huchukua karibu asilimia 12.7, T asilimia 9.1, A asilimia 8.2, O asilimia 7.5, I asilimia 7. Kwenye herufi 90 maana yake ni E 11, T 8, A 7, O 7, I 6. Tofauti ya T na I ni herufi mbili tu! Neno moja lenye I nyingi linatosha kuupindua mpangilio wote. Ndiyo maana unakwama: unaupima uzi mfupi kwa mizani ya magunia.

Wenzako wanaomaliza kwa dakika tano wanatazama maumbo ya maneno. Nitakuonyesha kwa Kiswahili kwanza, maana lugha hii unaijua bila kufikiri, na nataka uone unachokijua kikifanya kazi. Nimechukua methali moja na kubadilisha kila herufi kwa nyingine. Nafasi kati ya maneno zimebaki, na hakuna herufi iliyosimama mahali pake yenyewe. Hizo ndizo kanuni za aristokrati.

XNCVOBQHWTX HX GXGXVO SQBQHWTX HX QFCGTOHAQ

Usihesabu chochote bado. Tazama miisho. Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache ya kuazima, huishia na irabu. Kwa hiyo X, O na Q, herufi zinazofunga maneno haya sita, zote ni irabu. X inafunga maneno manne, na imo mara mbili ndani ya neno la tatu. Iandike A kila mahali ilipo, kwa penseli, sasa hivi.

Neno la tatu limekuwa G-a-G-a-V-O. Konsonanti ileile mara mbili ikiwa na A, halafu kitu kingine mwishoni: linanuka "mama" au "baba" fulani, pengine "mamake", pengine "babako". Liache kwanza.

Neno la nne ndilo tamu. SQBQHWTX: Q ni irabu, tumeshasema, na mwisho kuna A. Kati ya Q ya pili na A zimo herufi tatu, H, W na T, na kwa umbo lake zote ni konsonanti. Kiswahili hakipangi konsonanti tatu ovyo. Ama ya kwanza ni N au M, kama katika "fungwa" na "pandwa", ama mbili za kwanza ni sauti moja kama SH au CH, kama katika "rushwa". Zingatia kwamba kwa njia zote mbili T ni W. Hiyo tayari ni herufi ya bure. Sasa rudi kwenye HX, neno la herufi mbili linaloishia na A na limetokea mara mbili. "Na" tunakutana nayo kila sentensi. "Ma", "sa" wala "ca" si maneno. H ni N.

Neno la mwisho sasa linasomeka Q-F-C-G-w-O-n-A-Q. G iliyo mbele ya W, na tulishasema ni M au B: "mw" ni ya kawaida zaidi kuliko "bw", na inatupa "mama". Neno refu linaloanza na kuishia kwa irabu moja, lenye "mw" katikati na "n" karibu na mwisho... sina haja ya kukuambia ni ulimwengu. Herufi U, L, I, E na G zimeingia kwa mkupuo. Neno la nne sasa ni S-u-B-u-n-W-w-a, la kwanza ni a-N-i-V-e-B-u-n-W-w-a, na hapo hata mtoto wa darasa la pili angekumalizia: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Sasa ndipo uhesabu, ujionee. Herufi ni 38. A ni 7, karibu na inavyotarajiwa. Lakini I, ambayo katika Kiswahili kwa kawaida huifuata A, hapa imetokea mara mbili tu, sawasawa na Z. Ungelifuata jedwali ungeiweka I mahali pa U au pa N, na nusu saa ingeisha ukiwa hapohapo.

Kuna jambo la pili ningependa uligundue humo. Panga alfabeti ya kawaida juu, na chini yake herufi za fumbo ulizozipata. Chini ya E, F, G, H utaona O, B, A, S. Kuanzia I zinafuata kwa utaratibu: C, kisha F chini ya L, G chini ya M, H chini ya N, hadi X chini ya A. Sehemu moja tu imevurugika, na kabla ya O kuna pengo la herufi ya D ambayo methali haikuitumia. Jaza M: M, O, B, A, S. Ni Mombasa iliyoondolewa herufi zinazojirudia. Watunzi wa mashindano hupenda kutengeneza alfabeti kwa neno funguo namna hii, na ukishaiona sehemu iliyopangika unaweza kujaza herufi ulizokosa bila kuzikisia. Wengi hawafiki hatua hii kwa sababu wakishapata sentensi wanafunga karatasi.

Hamia kwenye Kiingereza chako. Miisho ya irabu haipo, kwa hiyo tafuta milango mingine. Neno la herufi moja ni A au I. Baada ya kistari cha juu ('), ikibaki herufi moja huwa ni S au T, mara chache D au M. Zikibaki mbili zinazofanana ni LL, zisizofanana ni RE au VE. Neno la herufi nne linaloanza na kuishia kwa herufi moja karibu kila mara ni THAT, na likipatikana linakupa T, H na A, ambazo nazo zinakuonyesha THE iko wapi na hivyo E. Herufi tatu zilezile kwenye miisho ya maneno marefu mawili: jaribu ING. Kisha kuna maneno yenye umbo ambalo halijifichi: PEOPLE, yenye P ya kwanza na ya nne, E ya pili na ya sita, WHICH, yenye H ya pili na ya tano, NEVER, ALWAYS, EVERY. Andika daftari lako la maumbo haya, si kwa kunakili orodha ya mtu, bali kila fumbo ukilimaliza rudi ukajiulize ni neno gani lilikuwa laini zaidi ukaliandike. Nukuu za watu maarufu zina msamiati wao mdogo unaojirudia: maisha, watu, dunia, siku zote, kamwe, kila kitu. Baada ya mwezi daftari hilo litakuwa na thamani kuliko jedwali lolote.

Kuhusu Kiingereza kuwa lugha uliyojifunza ukubwani, mimi naona wewe umebahatika. Aliyezaliwa nayo haoni kwamba H huja baada ya T, C, S na W na mara chache hufuatwa na konsonanti. Yeye anaongea tu. Wewe ulikaa ukajifunza maneno yanavyoandikwa, moja moja, kwa jasho.

Lakini nusu saa yako haikuliwa na kukosa maumbo peke yake. Mtu anayekaa nusu saa bila kusogea anangoja uhakika kabla hajaandika. Uhakika kwenye fumbo la herufi huja baada ya kuandika. Weka dhana, jaza herufi hiyo kila mahali mara moja, soma maneno yote, si lile moja uliloanzia. Likitokea neno lisilowezekana, futa urudi ulipoanzia dhana. Tumia penseli laini na kifutio kizuri. Nasema hivi kwa uzito wote, maana nimeona wanafunzi wenye akili wakishindwa kwa sababu karatasi imechafuka hawaoni walichoandika. Dhana mbaya iliyoandikwa hugunduliwa kwa nusu dakika. Ile iliyobaki kichwani inaweza kukushikilia hadi kengele.

Umesema hesabu si somo lako. Elizebeth Friedman alisoma fasihi ya Kiingereza chuoni Hillsdale, Michigan. Mwaka 1916 aliajiriwa Riverbank, mali ya tajiri mmoja nje kidogo ya Chicago, kusaidia watu walioamini kwamba Francis Bacon ndiye aliyeandika tamthilia za Shakespeare na kuficha ujumbe ndani yake. Huko akakutana na William, mtaalamu wa jenetiki ambaye baadaye akawa mume wake, na wawili hao wakaja kuwa miongoni mwa wafumbuzi wakubwa kabisa wa Marekani. Wakati pombe ilipopigwa marufuku, Elizebeth ndiye aliyekuwa akisoma ujumbe wa redio wa wasafirishaji wa magendo. Na yale ya Shakespeare? Mwaka 1957 wote wawili walichapisha kitabu kuonyesha kwamba ujumbe ule haukuwepo. Ninachokipenda zaidi katika kisa chao ni hicho: kujua pia wakati ambapo hakuna fumbo.

Na fumbo la Bacon lenyewe lipo kwenye mtihani wako, kwa hiyo tulimalize. Kila herufi huandikwa kwa alama tano za aina mbili, tuziite A na B. AAAAA ni A, AAAAB ni B, inaendelea hivyo. Katika mtindo wa zamani I na J ni kitu kimoja, U na V vilevile, hivyo herufi ni 24 tu. Mtunzi atazificha A na B nyuma ya chochote: herufi kubwa na ndogo, irabu na konsonanti, nyota na duara. Huna haja ya kubahatisha ipi ni ipi. Kwa kuwa herufi zinaishia ya 24, hakuna kundi linaloanza na BB. Kata maandishi katika makundi ya tano, tafuta kundi linaloanza na alama mbili zinazofanana: hiyo ni A. Ukiona baadhi ya makundi yanaanza kwa jozi ya aina moja na mengine kwa jozi ya aina nyingine, basi umekosea kugawanya aina, anza upya.

Yale ya hesabu ni rahisi kuliko unavyoogopa, maana yanadai uangalifu na hayadai ubunifu. Chukua afini. Herufi zinapewa namba kutoka A ambayo ni 0 hadi Z ambayo ni 25. Unazidisha kwa namba fulani a, unajumlisha b, unagawanya kwa 26 na kuchukua baki. Kufumbua unahitaji herufi mbili tu. Tuseme umebaini kwamba E imekuwa C na T imekuwa Z. E ni 4, T ni 19, tofauti 15. C ni 2, Z ni 25, tofauti 23. Kwa hiyo 15 mara a ni 23. Unahitaji namba inayoizidisha 15 hadi baki iwe 1, nayo ni 7, kwa kuwa 15 mara 7 ni 105, na 104 inagawanyika kwa 26. Zidisha 23 kwa 7 upate 161, toa 156, inabaki 5. Hiyo ndiyo a. Kisha 5 mara 4 ni 20, na ili kufika 2 lazima ujumlishe 8, maana 28 inabaki 2. Hiyo ndiyo b. Jozi za kukariri ni hizi tu: 3 na 9, 5 na 21, 7 na 15, 11 na 19, 17 na 23; 1 na 25 kila moja ni jozi ya nafsi yake. Jozi hizohizo zitakusaidia kwenye fumbo la Hill, lile la matriksi, yaani namba zilizopangwa kwa safu na mistari, lililobuniwa na Lester Hill mwaka 1929. Hill haina cha kufikiria kabisa. Ni kuzidisha na kuchukua baki, na wanaoikosa huikosa kwa haraka zao. Timu yoyote inahitaji mtu mmoja mtulivu wa kuifanya, na pointi zake ni za uhakika.

Vigenère inahitaji maelezo kidogo. Hapa kila herufi inasogezwa kwa kiasi kinachotegemea herufi ya neno funguo iliyo juu yake. Chukua NJOO na ufunguo SIRI: N na S zinatoa F, J na I zinatoa R, O na R zinatoa F, O na I zinatoa W. Matokeo ni FRFW. O mbili zimekuwa F na W, na F mbili zinasimamia N na O, kwa hiyo ujuzi wote wa maumbo ya maneno hapa umekufa. Bellaso alieleza wazo hili mwaka 1553, Vigenère akabaki na jina, na ilichukua hadi 1863 ndipo Kasiski alipochapisha njia ya kulivunja: tafuta vipande vinavyojirudia, pima umbali kati yao, urefu wa ufunguo utakuwa kigawo cha umbali huo. Katika mtihani wa dakika 50 hutafanya hivyo mara nyingi. Mara nyingi utapewa ufunguo, au utapewa kipande cha maandishi ya wazi. Ukipewa kipande, toa: FRFW ukiitoa NJOO inabaki SIRI. Ukiona neno linaloleta maana limechungulia katika matokeo ya kutoa, umeshaingia ndani.

Kundi jingine halibadilishi herufi bali mahali pake. Hili unalijua tangu utotoni kama ulicheza na watoto wa pwani wanaoongea kinyume: kitabu kinakuwa "bukita", silabi ya mwisho ikiletwa mbele. Mafumbo ya reli na ya safu kwenye mtihani ni kinyume kilichopangwa kwa mistari. Utayatambua upesi kwa sababu hesabu ya herufi inabaki ya lugha ileile: E nyingi, Z chache, ila hakuna neno. Hapa, kwa mara ya kwanza, jedwali lako lina kazi nzuri. Linakuambia fumbo ni la aina gani. William Friedman alikipa kipimo hicho namba katika miaka ya 1920: uwezekano wa herufi mbili zilizochukuliwa ovyo kufanana ni kama 0.067 katika Kiingereza, na 0.038 tu kama herufi zote 26 zimetawanyika sawa. Kubadilisha herufi moja kwa moja au kuhamisha mahali hakuigusi namba hiyo, Vigenère inaishusha.

Spanish xenocrypt, yaani aristokrati ya Kihispania, usiiogope. Kihispania nacho hupenda irabu mwishoni, pamoja na S na N, na maneno yake madogo ni machache: de, la, el, que, los. Q hufuatwa na U daima. Mzungumzaji wa Kiswahili huzoea mdundo huo haraka kuliko wenzake. Patristokrati, ambayo nafasi kati ya maneno zimeondolewa na herufi zimepangwa tano tano, iache iwe ya mwisho kujifunza na ya mwisho kujaribu.

Sasa mtihani wenyewe. Mko watatu, mna dakika 50, na maswali ni mengi kuliko muda. Hilo ni la makusudi. Swali la kwanza lina nyongeza ya pointi likitatuliwa ndani ya dakika 10 za mwanzo, kwa hiyo apewe aliye mwepesi wa aristokrati na asisumbuliwe na mtu. Wawili waliobaki wagawane karatasi kwa aina, si kwa mpangilio wa namba: mmoja achukue ya hesabu, mwingine Bacon na yale yenye ufunguo uliotolewa. Kwa muda uliobakiza, nakushauri uwe huyo wa Bacon, na aristokrati uendelee nazo nyumbani hadi kasi ije. Soma pointi za kila swali kabla ya kuanza. Swali la pointi nyingi ambalo ni kuzidisha tu lina faida kuliko aristokrati ngumu ya pointi zilezile. Sentensi ikishasomeka usipoteze dakika kung'arisha herufi ya mwisho, kwa kuwa makosa ya herufi moja mbili husamehewa. Kanuni na orodha ya mafumbo hubadilika msimu hadi msimu, hivyo chapisha kanuni za mwaka huu na usitegemee za mwaka jana ulizopewa na dada wa darasa la 12.

Mazoezi: aristokrati moja kila siku, kwa karatasi, saa ikiwa mezani lakini imegeuzwa. Pima muda baada ya kumaliza tu. Ukifika dakika 15 bila kusogea, fungua jibu, chukua neno moja tu kutoka humo, funga, endelea. Usitumie tovuti zinazofumbua zenyewe. Zinakuonyesha mwisho wa safari bila njia.

Kompyuta ina mashindano yake. Chuo Kikuu cha Southampton huko Uingereza kimeendesha National Cipher Challenge tangu 2002: mafumbo yanatolewa kwa hatua ndani ya hadithi, una siku na si dakika, na raundi za mwisho ni ngumu kiasi kwamba wanafunzi huandika programu. Ukimaliza msimu wako, jifunze programu moja ya namna hiyo. Inaanza na ufunguo wa kubahatisha, inabadilishana herufi mbili, inapima kama matokeo yanafanana zaidi na Kiingereza kwa kuangalia vipande vya herufi nne nne, ikiwa nafuu inabaki nao, ikiwa mbaya inarudi, mara maelfu. Ikikwama inaanza upya na ufunguo mwingine. Ukiiangalia vizuri utaona inafanya kilekile nilichokuambia kuhusu penseli na kifutio, ila haichoki.

Na hili ni lako la wiki hii. Ni methali, alfabeti imetengenezwa kwa jina la mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria:

SVFVDV CVHZKN RVJURE DV DXSV

Unaponijibu, niandikie jina la mji. Methali unaweza kuikisia. Mji hutaupata mpaka upange alfabeti zote mbili.